Mama, Angalia Chukudu ya Mtoto Wako

Mama, leo hatutasema juu ya uji wala juu ya kuhara. Tutasema juu ya chukudu. Labda unashangaa. Chukudu ni kazi ya wanaume, inaingia namna gani katika mambo ya kliniki? Inaingia kwa sababu wewe ndiwe unayemleta mtoto hapa akiisha kuanguka. Wewe ndiwe unayelala chini karibu na kitanda chake, na wewe ndiwe unayetafuta franka za dawa. Baba anafika kesho yake.

Tena chukudu inalala kwako nyumbani. Asubuhi, kabla haijatoka, iko mbele ya macho yako. Unaweza kuishika na kuitikisa, na unaweza kusema: leo haitoki. Sisi wauguzi hatuna uwezo huo. Tunaiona chukudu wakati mtoto amekwisha kupasuka.

Kila mtu hapa Butembo anajua faida yake. Inaleta viazi na mboga kutoka milima ya Kyondo, inaleta makala, kuni, ndizi na bidoni za maji. Haikutoka Ulaya. Ilizaliwa hapa kwetu Kivu, na wengi wanasema ni katika miaka ya 1970, wakati maisha yalipokuwa magumu na magari machache. Fundi anaitengeneza kwa siku moja hadi tatu, kwa mbao ngumu ya mumba na ya mkaratusi, na kubwa zake zinabeba hata kilo 400. Kule Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, tangu mwaka 2009. Sanamu haianguki. Mtoto anaanguka.

Na sisi wa Butembo tunakaa juu ya vilima, zaidi ya meta 1,700. Ukitoka hapa kwenda Beni ni kilometa 54, na Beni iko chini sana kuliko sisi. Kwa hiyo mtoto wetu hasukumi tu, mtoto wetu anateremka. Mabaya mengi yanatokea katika kuteremka.

BREKI KWANZA

Tuseme mtoto wako anaitwa Kambale, kama watoto wa pili wengi hapa kwetu. Ana miaka 13. Unamuuliza, "Kambale, breki iko?" Anajibu, "Iko, mama." "Iko wapi?" Anakuonyesha kisigino. "Mguu yangu njo breki."

Mama, mguu si breki. Mguu unaburuzwa chini, ngozi ya kisigino inatoka kama ganda la kiazi, na kifundo kinaweza kupinda na kuvunjika. Pamoja na maumivu hayo yote chukudu bado inakwenda.

Sikiliza sababu yake. Mwendo ukiwa mara mbili, chukudu inahitaji nafasi mara nne ili isimame. Kama kwa mwendo wa mtu anayetembea inasimama katika hatua 2, basi kwa mwendo wa mara mbili inataka hatua 8, na kwa mwendo wa mara tatu inataka hatua 18. Mtoto hajui jambo hilo. Yeye anafikiri kama ameongeza mwendo kidogo, ataongeza kukanyaga kidogo. Anafika njia panda, pikipiki inapita, na hatua 18 hazipo. Na mzigo pia ni hivyo hivyo: gunia mbili zinataka nafasi mara mbili ya gunia moja, kama nguvu ya mguu ni ile ile.

Breki ya kweli ya chukudu ni kipande cha tairi kuukuu. Kinafungwa nyuma ya ubao na kuning'inia juu ya gurudumu la nyuma. Mtoto anakikanyaga, mpira unakamata gurudumu, gurudumu linasimama. Ni kitu rahisi kuliko vyote, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya bendeji. Lakini si kila kipande kinafaa. Tafuta kwa fundi wa magurudumu kipande cha tairi ya gari chenye meno bado, kinene kama kidole chako, na kipana kuliko gurudumu. Kipindishe mbele ya macho: kama nyuzi za chuma zinatokea pembeni, kikatae, zitamkata mguu. Kisifungwe kwa misumari peke yake. Msumari unalegea kidogo kidogo bila mtu kuona, na siku unapong'oka ni siku ile amekanyaga kwa nguvu zote. Fundi atoboe ubao na kufunga kwa buloni mbili zinazopita upande wa pili.

Sasa ijaribu wewe mwenyewe. Mahali pa tambarare, bila mzigo, mwambie asukume kwa mwendo wa kutembea, halafu akanyage. Gurudumu linapaswa kusimama kabisa. Kama linaendelea kuzunguka, hata polepole, breki hakuna. Fanya tena baada ya mvua, kwa sababu mpira wenye matope unateleza. Na mafuta ya kulainisha yasifike karibu na breki hata tone moja.

Mfundishe pia kukanyaga juu ya kilima, kabla ya kuanza kushuka. Watoto wengi wanangoja mpaka wanaogopa. Wakati wa kuogopa umechelewa. Kama kilima ni kikali sana, ashuke chini, ashike chukudu kwa mikono, na atembee. Wenzake watamcheka. Wamcheke.

Kipimo chetu cha mzigo ni hiki: mtoto asimame katikati ya mteremko ule anaoupita kila siku, amezuia chukudu kwa mikono na miguu yake tu, bila breki. Kama hawezi kuizuia mpaka umehesabu ishirini, mzigo umemshinda. Punguza. Baba akisema, "Mimi nilibeba zaidi nikiwa mdogo kuliko yeye," mwonyeshe kovu lake mwenyewe. Mara nyingi liko.

MAGURUDUMU NA PEMBE

Gurudumu ni mbao iliyovishwa mpira wa tairi. Ubovu wake unaanzia ndani, katika ufa mdogo unaofuata nyuzi za mti. Ligonge kwa jiwe dogo pande zote na usikilize, kama unavyogonga chungu kipya sokoni. Mbao nzima inalia. Mbao yenye ufa inatoa sauti iliyokufa. Gurudumu lenye ufa halitengenezwi kwa waya, mama. Waya unaficha ufa, hauzuii kupasuka.

Pitisha kidole, polepole, juu ya mpira uliopigiliwa. Vichwa vya misumari viwe vimezama. Msumari mmoja uliotokeza unachana muundi wa mguu, na msumari huo umepita katika matope na mavi ya ng'ombe. Tutarudi kwa habari ya kidonda hiki.

Katikati ya gurudumu wengine wanaweka rulma kuukuu ya gari, na hiyo ni nzuri, gurudumu haliyumbi. Wengine wanaweka mti ndani ya mti na kupaka mafuta machafu ya injini. Haina neno, ila mafuta hayo yakae wapi? Tunawaona watoto wadogo waliokunywa mafuta au petroli kwa sababu yaliwekwa ndani ya chupa ya soda. Yaweke ndani ya kopo lisilofanana na kitu cha kunywa, juu, mahali mkono wa mdogo haufiki. Na mtoto akiisha kunywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, mlete.

Sasa tumefika mahali ambapo wazazi wengi hawaangalii kabisa, nasi tunataka ukae hapo kidogo. Ni pembe za usukani. Chukudu inapogonga jiwe, gurudumu la mbele linapinda, usukani unageuka, na pembe moja inamchoma mtoto tumboni kwa uzito wake wote. Kwa nje unaona alama ndogo tu, duara jekundu kama franka. Hakuna damu. Mtoto analia kidogo, anainuka, anaendelea na kazi. Lakini ndani, ini au utumbo au bandama inaweza kuwa imepasuka.

Bandama ndiyo tunayoiogopa kwanza. Iko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mtoto aliyeugua malaria mara nyingi, bandama yake inavimba na kutoka nje ya mbavu. Wewe unajua, ndiyo maana munganga anabonyeza tumbo la mtoto kila unapomleta. Bandama iliyovimba inapasuka kwa pigo dogo. Katika Beni na kando ya Semuliki, ambako joto na mbu ni vingi, jambo hilo linawahusu watoto wengi. Kama munganga aliwahi kukuambia kwamba bandama ya mtoto huyu ni kubwa, asiendeshe chukudu mpaka munganga aipime tena na kusema imerudi.

Na kwa wote, pembe zifunikwe. Mwambie fundi azipige randa mpaka ziwe za mviringo, zisiwe na ncha. Halafu kata mpira wa ndani wa gari, mviringe juu ya kila pembe mara tatu au nne, hata uwe kama ngumi ya mtoto, na ufunge imara kwa ukanda wa mpira ule ule. Ni kazi ya nusu saa. Pembe pana inasukuma tumbo. Pembe nyembamba inalitoboa.

GOTI NA KIGANJA

Mtoto anaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Kwa hiyo goti lile lile linagongwa mchana kutwa. Baadaye linavimba mbele, linajaa maji, na kama kuna kidonda linaingia usaha. Pale anapoweka goti, pigilia kipande cha kamambili kuukuu, au sponji ya matela iliyofunikwa kwa mpira. Misumari ikae pembeni, mbali na goti. Na abadilishe goti: kwenda moja, kurudi la pili. Atasema hawezi. Baada ya juma moja ataweza.

Hiyo ni ya kazi. Ya kuanguka ni nyingine. Kule Marekani na Ulaya kuna vijana wanaosimama juu ya ubao mrefu wenye magurudumu madogo manne na kuteremka milima kwa mchezo tu, bila hata kiazi kimoja. Wametufundisha jambo moja lenye maana. Walipovaa glavu laini waliona kwamba kiganja kikigusa barabara kinakwama, mwili unaendelea, na mkono unavunjika. Basi wakafunga kipande cha plastiki ngumu juu ya kiganja. Mkono unateleza, haukwami.

Sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa vitu vya nyumbani. Chukua bidoni ya njano iliyotoboka. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja kwa ajili ya goti, mahali bidoni ilipopinda, ili kishike umbo la goti. Lainisha makali yake kwa jiwe. Ndani weka sponji ya matela ya unene wa vidole viwili, halafu shona vyote juu ya kitambaa cha suruali ya jinzi kuukuu, na ufunge kwa kanda mbili za mpira, moja juu ya goti na moja chini. Plastiki iwe nje, sponji iwe ndani. Ukigeuza, ukiweka mpira nje, goti litakwama chini na kujipinda. Kanda zisikaze: pitisha kidole chako chini yake, na ukiona mguu unabadilika rangi au una ganzi, legeza.

Kwa mkono, shona kifuko cha jinzi kisicho na vidole, na chini ya kiganja weka kipande kidogo cha plastiki ile. Kisiwe kikubwa, mtoto lazima aweze kukamata usukani. Kama kinamzuia kukamata, acha, afadhali mkono mtupu unaoshika vizuri.

Viatu vifunge kisigino. Kamambili inatoka mguuni wakati wa kukanyaga breki, na hapo breki yako nzuri imepotea bure. Sandali za tairi zenye ukanda wa nyuma ni bora, tena hazina bei kubwa.

KICHWA

Hapa hatuna kitu cha kukufundisha kutengeneza, na tunakuambia wazi. Goti unaweza kulishonea, kichwa hapana. Sufuria, kibuyu, mpira uliokatwa katikati, kofia ya sufu yenye sponji, hivi vyote havifai. Kofia ngumu ya kweli, ile wanayoita kaske, ndani yake ina povu jeupe lililokaza. Kichwa kikigonga, povu hilo linapondeka na kula nguvu ya pigo. Sponji ya matela inajikunja mara moja tu, kisha kichwa kinafika chini kama vile hakikuvaa kitu.

Kwa sababu hiyo kaske iliyokwisha kugonga barabara mara moja imekwisha kazi yake, hata kama kwa nje inang'aa. Unaponunua iliyovaliwa, ingiza vidole ndani na bonyeza povu. Tafuta ufa, tafuta mahali palipobonyea. Mkanda uwepo na ufunge. Ivae mtoto mwenyewe, usinunue kwa kukadiria: ikae sawasawa juu ya kichwa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ukifungwa vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Mwambie atikise kichwa. Kama kaske inacheza, ni kubwa. Kaske ya baba ya pikipiki juu ya kichwa cha mtoto inamfunika macho na kumzuia kusikia magari.

Ni ghali, tunajua. Lakini mwaka 2008 waganga walikusanya uchunguzi mwingi juu ya wapanda pikipiki, wakaona kwamba kaske inapunguza vifo karibu 42 katika kila 100, na majeraha ya kichwa 69 katika kila 100. Chukudu si pikipiki, ila barabara ni ile ile. Kama nyumba ina watoto wawili na kaske moja, aivae yule anayeteremka siku hiyo. Na kama hakuna kaske kabisa, basi sheria ya kutembea kwenye mteremko mkali ndiyo kaske yake.

KAMA AMEANGUKA

Kidonda kioshe mara moja kwa maji safi na sabuni, maji mengi, mpaka mchanga wote utoke. Usiweke makala, wala dawa ya meno, wala mafuta ya injini. Halafu uliza juu ya tetanosi. Mama, hapa kuna jambo ambalo akina mama wengi hawalijui. Wewe unachomwa sindano ya tetanosi kila unapobeba mimba. Kijana wako alichomwa zake akiwa na majuma 6, 10 na 14, na tangu hapo pengine hakupata nyingine. Nguvu ya sindano zile inapungua kwa miaka. Kwa hiyo mtoto wa miaka 13 mwenye kidonda cha msumari anahitaji kuonwa siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo na damu imekauka.

Akiwa amegonga kichwa, mwangalie mchana na usiku wote. Akitapika tena na tena, akilala usingizi usio wa kawaida, akisema maneno yasiyoeleweka, akishikwa na degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, damu au maji yakitoka sikioni au puani, usingoje asubuhi.

Akiwa amepigwa tumboni na pembe ya usukani, mlete hata kama anacheka. Baada ya saa chache, au kesho yake, tumbo linakuwa gumu, anakuwa mweupe midomoni, jasho baridi, moyo unakimbia. Wakati mwingine anasema bega la kushoto linamuuma, na bega halikugongwa. Hiyo ni damu inayomwagika ndani kutoka katika bandama. Usimpe chakula, kwa sababu pengine atapasuliwa. Usimpe aspirini, inafanya damu isigande. Usimkande tumbo kwa maji ya moto, na mtu yeyote asilisugue.

Asije kwa miguu yake, na asikae nyuma ya pikipiki kama gari au machela inaweza kupatikana. Alazwe chali juu ya ubao au mlango. Kama shingo inamuuma au hasikii miguu, watu wanne wamwinue pamoja, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja, kama gogo. Ubao wa chukudu yenyewe ni mrefu, na watu wamewahi kumletea mgonjwa juu yake. Mkifanya hivyo mmoja ashike kichwa, mmoja akanyage breki.

Lete pia fishi yake ya zamani ya chanjo, ile uliyoiweka chini ya nguo katika sanduku. Tukiiona, tunajua mara moja sindano gani imekosa.